Pistoni ikishachongwa vibaya: maswali tunayoulizwa mara kwa mara karakanani, Nakuru

Karakana yetu iko Nakuru. Kazi inayoingia ni Hiace za matatu, pikapu zinazobeba viazi kutoka Molo, trekta za ngano za Njoro, na siku hizi vijana wenye magari ya mbio. Kupanua silinda na kukereza hatufanyi sisi. Tunapeleka kwa mafundi wa mashine, kisha tunarudi kuunga injini. Kwa hiyo makosa mengi ya pistoni, kile kipande cha aluminiamu kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, tunayaona yakiwa yameshatokea, mwenye gari amesimama mlangoni na simu mkononi. Haya ndiyo maswali yao.

Fundi, pistoni mpya imekataa kuingia silindani. Nipitishe msasa kidogo?

Usipitishe. Swali hili tunaletewa kuliko mengine yote na ndilo lililowala watu pesa nyingi, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Pistoni ukiishika mkononi unaona duara, kumbe si duara. Kiwandani imekerezwa makusudi iwe na umbo la yai. Upande wa pini (ile inayoiunga pistoni na mkono wake, konrodi) ni mwembamba, na upande unaosukumana na ukuta wa silinda, ulio nyuzi 90 kutoka kwenye pini, ni mpana zaidi. Tena juu ni nyembamba kuliko chini, kwa sababu juu ndiko kwenye moto. Jicho halioni tofauti hizo, ila maikromita inaziona mara moja.

Sababu yake ni kwamba aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, ule mwili wa injini wenye silinda. Chukua pistoni ya Toyota 3L, injini ya dizeli ya Hiace, kipenyo milimita 96. Joto likipanda nyuzi 100, pistoni inanenepa kama 0.2 mm. Silinda, kwa joto hilohilo, inafunguka kama 0.1 mm. Na pistoni hainenepi sawasawa pande zote: pale pini inapopita kuna aluminiamu nyingi, na huko ndiko inakotanuka zaidi. Injini ikishapata moto ndipo lile yai linapokaribia kuwa duara na kukaa sawa silindani.

Sasa chukua pistoni hiyo, ifunge kwenye mashine ya kukereza, izungushe, bandika msasa. Msasa unakula palipoinuka tu, na palipoinuka ni zile pande mbili za sketi (sehemu ya pistoni iliyo chini ya ringi) zinazobeba msukumo wote wa injini. Ukimaliza umepata duara zuri ikiwa baridi. Ikipata moto inanenepa upande wa pini na kubana huko, huku pande ulizokula zikicheza. Asubuhi inagonga, mchana inashika, yaani inakwama silindani.

Pistoni ikikataa kuingia, tatizo liko kwenye silinda. Rudisha bloku kwa fundi wa mashine aisugue kwa mawe mpaka afikie kipimo. Kuondoa 0.02 mm kwenye silinda ni kazi ya dakika chache, na silinda haina yai la kuharibu.

Kwani mmewahi kuona ikitokea, au ni nadharia tu?

Tuliletewa Hiace ya 3L iliyokuwa imetoka kufanyiwa ovaholi katika karakana moja ya mashine. Ilikuwa imekwenda wiki moja tu. Asubuhi ilikuwa inagonga kama mtu anayepiga debe kwa rungu, na ikifika mlimani inatoa moshi wa bluu. Mwenyewe alikuwa ameambiwa aizoee, eti ringi, zile pete za pistoni, bado hazijakaa.

Tulifungua. Ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi minne, miwili kila upande, karibu na mstari wa pini, mahali ambapo pistoni nzima haipaswi hata kugusa. Nikaitoa pistoni ya pili nikaiinua dirishani. Sketi ya pistoni mpya ina mistari myembamba iliyozunguka, imepangwa kama nyuzi za uzi kwenye kibiringo. Ukipitisha ukucha unaisikia. Mistari hiyo haikuachwa kiwandani kwa kusahau. Ndiyo inayoshika mafuta. Kwenye pistoni hii mistari ilikuwepo upande wa pini, lakini pale katikati ya sketi pamekuwa laini, panang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.

Tukaita fundi aliyeifanya, akaja, na namshukuru kwa kuwa hakuzunguka maneno. Silinda alikuwa ameipanua hadi 96.50 kwa sababu sanduku la pistoni liliandikwa 0.50, yaani saizi iliyozidi ya kiwandani kwa nusu milimita. Pistoni zenyewe hakuzipima, kwa maana mteja alichelewa kuzileta. Zilipokuja zilikuwa 96.49. Nafasi iliyobaki ilikuwa 0.01 mm. Hapo ndipo aliposhika msasa. Kama angekuwa na pistoni mezani kabla ya kuwasha mashine, yote hayo yasingetokea.

Ndiyo maana siku hizi hatupeleki bloku bila pistoni. Hata ukiniambia una haraka namna gani, bloku inakaa hapa mpaka pistoni zifike.

Pistoni hupimwa wapi hasa?

Kwenye sketi, nyuzi 90 kutoka kwenye pini, kwa urefu ambao mtengenezaji ametaja kutoka ukingo wa chini. Wengine wanasema milimita 10, wengine 20, wengine zaidi. Soma karatasi ya pistoni zako. Ukipima juu karibu na ringi utapata namba ndogo na utampa fundi apanue silinda kidogo mno. Tumia maikromita. Kalipa ni ya kupimia mabomba.

Pima zote nne, na uipe kila pistoni silinda yake kwa namba.

Nafasi kati ya pistoni na silinda iwe ngapi?

Kitabu cha injini ndicho mwamuzi. Kwa kukadiria tu, pistoni za kawaida za kumiminwa kwenye injini ndogo za petroli hutaka kama 0.03 hadi 0.06 mm. Dizeli hutaka zaidi kidogo. Pistoni za kufuliwa, yaani zilizogandamizwa kwa nguvu badala ya kumiminwa, zile za magari ya mbio, hutanuka zaidi na hutaka nafasi kubwa zaidi, mara nyingi 0.08 kwenda juu. Ukizipa nafasi ya pistoni ya kawaida zitashika.

Silinda imepanuliwa kupita kiasi. Pistoni inaingia na kuyumba. Kuna la kufanya?

Lipo, lakini linagharimu. Kama bloku ni ya chuma na bado ina nyama, unaruka kwenda saizi inayofuata: kutoka 0.50 hadi 0.75 au 1.00, mradi pistoni za saizi hiyo zipatikane kwa injini yako. Piga simu dukani kwanza. Usipanue kwa matumaini. Zisipopatikana, unatia slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda, na kurudi saizi ya mwanzo.

Kuwa mwangalifu na 1NZ, injini ya Probox. Bloku yake ni aluminiamu, na ndani zimemiminiwa slivu nyembamba za chuma. Haikutengenezwa ili ipanuliwe. Anayekuambia atakupanulia 1NZ kama anavyopanua 3L, muulize kwanza ukuta utabaki unene gani.

Kuna mbinu ya zamani ya kuchora sketi ya pistoni makovu kwa gurudumu la meno ili inenepe. Inanyamazisha mgongano kwa muda, halafu makovu yanalala. Sisi hatuifanyi.

Fundi alipunguza vichwa vya pistoni kwa sababu vilikuwa vinatokeza juu ya bloku. Ni sawa?

Kwa dizeli nyingi, pistoni kutokeza kidogo juu ya bloku ni kawaida. Ndivyo ilivyokusudiwa, na ndiyo maana gasketi za hedi (kifuniko cha juu cha injini) huuzwa kwa unene tofauti, zenye vikato au alama pembeni. Unapima ile iliyotokeza zaidi kwa saa ya kupimia, kile kipimo chenye mshale, kisha unachagua gasketi. Kama uso wa bloku ulisawazishwa kwa mashine, pistoni zitatokeza zaidi, nawe unakwenda kwenye gasketi nene. Huo ndio utaratibu.

Kukata kichwa kunaonekana jambo dogo mpaka upige hesabu. Silinda moja ya 3L ina ujazo wa karibu cc 695, na mgandamizo wake wa kiwandani ni 22.2 kwa 1. Maana yake nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama cc 32.8. Kata nusu milimita kwenye kichwa chote: umeongeza cc 3.6. Mgandamizo unashuka hadi kama 20.1. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, haina plagi ya cheche ya kuisaidia. Hapa mjini, mita 1,850 hivi juu ya bahari, utaanza kuona uvivu wa asubuhi. Gari hilohilo likilala Molo, karibu mita 2,500 na baridi ile, mwenyewe atakuwa anatafuta vijana wa kusukuma kila alfajiri.

Petroli inavumilia kidogo zaidi. 1NZ yenye 10.5 ukiikata nusu milimita inakuja kwenye 10. Itawaka, ila itakuwa imepoteza nguvu na itakunywa petroli.

Zaidi ya mgandamizo, umepunguza unene wa kichwa chenyewe na ule ukuta ulio juu ya ringi ya kwanza. Huko ndiko moto unakopiga. Kama zimeshakatwa sawasawa na ni kidogo, unaweza kulipia kwa gasketi nyembamba zaidi, ukishapima nafasi ya valvu. Kama zimekatwa moja hivi na nyingine vile, nunua seti mpya.

Najenga gari la mbio. Vikombe vya valvu, yale mashimo ya kuzipa valvu nafasi kwenye kichwa cha pistoni, vimechongwa ndani sana. Pistoni imekwisha?

Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 na kuweka makao Naivasha, hapahapa kaunti yetu, swali hili limekuwa letu pia. Kijana ananunua kemshafti (mhimili unaofungua valvu) yenye kunyanyua zaidi, anaogopa valvu zisiguse pistoni, anampa fundi pistoni achonge vikombe. Fundi hana ramani, anachonga kwa usalama wa valvu na kusahau usalama wa pistoni.

Pima unene uliobaki. Laza pistoni kifudifudi kwenye bamba lililonyooka, pima kimo kutoka bambani hadi ndani ya paa la pistoni, kisha igeuze upime kina cha kikombe kutoka juu, utoe. Mimi sikubali chini ya milimita 5 chini ya kikombe kwenye pistoni ya kufuliwa inayokwenda mbioni. Angalia pia kikombe kisiwe kimekaribia mfereji wa ringi ya kwanza kwa ndani. Huko pistoni hupasuka kabla ya kutoboka. Kona za kikombe ziwe za mviringo. Kona kali ni mwanzo wa ufa.

Ajabu ni kwamba mara nyingi vikombe vile havikuhitajika kabisa. Kabla ya kuchonga chochote, nunua plastisini, ile ya watoto wa chekechea. Bandika kipande kwenye kichwa cha pistoni, kipake mafuta kidogo kisigande, weka hedi na gasketi ya zamani, kaza, funga cheni kwa alama zake, weka nafasi za valvu sawa, kisha zungusha kranki kwa mkono mizunguko miwili kamili. Taratibu. Ikikataa, usilazimishe. Fungua hedi, kata plastisini kwa wembe pale valvu ilipogonga chapa, upime unene. Kwa injini ya petroli tunataka angalau 2 mm upande wa kuvuta na 2.5 mm upande wa kutoa moshi. Kijana mmoja alikuja na pistoni zake tayari kwenda kuchongwa. Plastisini ikaonyesha 3 mm na ushei. Akarudi nyumbani na pistoni nzima.

Ni pistoni moja tu iliyokosewa. Nibadilishe hiyo peke yake?

Ukipata ya mtengenezaji yuleyule, saizi ileile, ndiyo. Lakini ipime uzito. Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu inatosha kuanzia. Pima kila pistoni pamoja na pini yake, kisha utafute iliyo nyepesi kuliko zote. Nyingine ndizo zinazopunguzwa kuifuata. Aluminiamu hutolewa ndani, kwenye vinundu vilivyoachwa chini ya pini kwa kazi hiyo. Si kwenye sketi, si chini ya paa. Tofauti ya gramu moja au mbili kwenye 3L ya matatu hainikoseshi usingizi. Gramu kumi zinanikosesha.

Ringi zinabana kwenye mifereji. Tupanue mifereji?

Safisha kwanza. Kwenye pistoni zilizotumika, kinachobana mara nyingi ni masizi. Vunja ringi kuukuu, utumie kipande chake kukwangua, polepole, bila kula aluminiamu. Kwenye pistoni mpya, hakikisha hukupewa ringi za injini nyingine. Mfereji ukishakerezwa ukapanuka, ringi inapiga juu na chini, inapampu mafuta kwenda juu, na hapo moshi wa bluu hauondoki kwa dawa yoyote ya dukani. Fila (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya 0.03 hadi 0.08 mm ipite kati ya ringi na mfereji. Zaidi ya 0.15 tupa pistoni.

Na pengo la ringi?

Sukuma ringi silindani peke yake, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, upime kwa fila. Kwa injini ya kawaida ni kama 0.10 mm kwa kila 25 mm za kipenyo, kwa hiyo 3L inataka karibu 0.38. Likiwa dogo, ncha zitakutana moto ukipanda, ringi itajikunja na kuvunja ukuta wa pistoni. Likiwa kubwa kidogo hasara ni ndogo. Piga tupa ncha moja tu, ukisukuma kutoka nje kwenda ndani ili usiibandue rangi ya krome.

Jambo moja watu hulisahau: kila 0.10 mm unayoongeza kwenye kipenyo cha silinda inafungua pengo kwa 0.31. Silinda iliyopanuliwa kupita kiasi utaijua kwa ringi hata kabla ya kuipima.

Pini inaingia kwa kugongwa na nyundo. Kawaida?

Inategemea aina. Kwenye injini zenye bushi kwenye konrodi, pini huingia kwa kidole ukitia mafuta, wakati mwingine pistoni ikiwa imewekwa kwanza kwenye maji ya moto. Kwenye zile ambazo konrodi huishika pini kwa kubana, konrodi hupashwa moto au pini husukumwa kwa presi yenye kishikio chake. Nyundo haimo kwenye njia yoyote kati ya hizo. Ukigonga, sketi inajikunja, na lile yai tulilolizungumzia juu linakuwa umbo lisilo na jina.

Tundu la pini likishapanuliwa mno, pistoni hiyo imekwisha.

Kichwa kimetobolewa kwa bahati mbaya. Tuchomelee?

Hapana. Joto la kuchomelea linalainisha aluminiamu iliyokazwa kiwandani, na pistoni hiyo itakuvunjia bloku.

Fundi wa mashine amekosea. Nani alipe?

Hapa nasema kama mtu aliyekaa pande zote mbili. Ukimpelekea fundi bloku na ukamwambia kwa mdomo "panua saizi ya 20", yaani ile 0.50 kwa kipimo cha inchi, kosa likitokea mtabishana hadi jua lizame. Andika. Karatasi moja: kipimo cha kila pistoni, nafasi unayotaka, tarehe, sahihi zenu wawili. Siku ya kuchukua, pimeni pamoja kabla hujalipa salio. Fundi mwaminifu hachukii kupimiwa. Anakuletea maikromita mwenyewe.

Kosa likionekana, nenda ukiwa mtulivu, umwonyeshe namba. Wengi watarudia kazi bure na kuchangia pistoni. Akikataa kabisa na una karatasi yako, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake ya 2016 inaitaka iamue ndani ya siku 60. Lakini kabla ya kufika huko, keti naye. Mji ni huuhuu, na kesho utamhitaji.

Mbona mnaosha bloku kwa sabuni ya nguo?

Kwa sababu petroli hueneza unga wa mawe badala ya kuutoa. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, suuza, kisha futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye mafuta. Kikitoka na kijivu, rudia. Tumeona pistoni zenye vipimo kamili zikiliwa kwa mwezi mmoja kwa sababu ya unga huo.

Injini imerekebishwa na kuungwa upya. Niiache ikinguruma usiku kucha ilainike?

Hapana, mzee. Ringi hukaa kwa kusukumwa na mgandamizo, na injini inayonguruma bila mzigo haina mgandamizo wa kutosha. Unaishia kuzing'arisha silinda tu. Iwashe, hakikisha mafuta yanapanda na haivuji, ikipata moto toka nayo barabarani. Nenda upande wa Gilgil bila abiria, ukikanyaga kiasi na kuachia, kukanyaga na kuachia, bila kukaa kwenye mwendo mmoja. Kilomita 500 za mwanzo usiipeleke mlimani Timboroa ikiwa na mzigo. Kisha mwaga mafuta ukiyapitisha kwenye kitambaa cheupe, juani. Vumbi jepesi la kijivu ni la kawaida. Vipande vinavyometameta vya aluminiamu, zima, na uje nacho hicho kitambaa.

Nije na nini ili mnisaidie haraka?

Pistoni zote nne, ringi zake, sanduku lake, hata kama limechanika, na karatasi ya fundi wa mashine. Pistoni usizioshe. Michirizi na rangi ya moto zilizoko kwenye sketi ndizo zitakazotuonyesha kosa lilianzia wapi.